Chungu Anamlinda Nani?

Ndugu msomaji, mtu aliyepata kushika lindo la usiku ataelewa upesi jambo ninalotaka kulisimulia leo. Kwa miaka 24 nilivaa sare ya polisi, na katika miaka hiyo nilisimama mbele ya milango mingi: ya benki, ya maghala, ya nyumba za wakubwa na ya mahabusu. Nilijifunza kwamba mpita njia akimwona askari mlangoni hudhani mara moja kuwa amekwisha kujua kilichomo ndani. Aghalabu hukosea. Mimi mwenyewe nilikosea vivyo hivyo, si mbele ya mlango wa mtu, bali katika shamba la karanga la mama yangu mzazi. Na askari niliowadhania vibaya walikuwa chungu.

Kwetu ni Lumino, katika nchi ya Wasamia upande wa Uganda. Msafiri atokaye mjini Busia kwenda Majanji, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, hupita kwetu, na siku hizi barabara ya lami itokayo Musita nayo hufika hapo. Wakati wa mambo haya Wilaya ya Busia ilikuwa bado haijazaliwa. Tulihesabiwa katika Tororo hadi mwaka 1997. Wasamia wengine wako Kenya, ng'ambo ya Mto Sio, nasi huzikana na kuozana kana kwamba mto huo ni kijito cha kuchotea maji.

Katika mwaka 1994 nilikuwa koplo, nikihudumu mbali na nyumbani. Desturi yetu ilikuwa kwamba kila mwisho wa Februari nimpelekee mama fedha za kukodi ng'ombe wa kulimia, ili mvua ya Machi ikute shamba tayari. Mwaka ule sikupeleka kwa wakati. Sitasingizia mshahara, kwani mshahara niliupata. Niliona dukani redio ya kaseti yenye spika mbili, nikainunua, nikajiambia kwamba ardhi haikimbii. Fedha za ng'ombe zilifika Lumino Aprili ikiwa imeanza, na karanga zikapandwa katikati ya mwezi huo, wakati za majirani zilikuwa zimekwisha kufunika udongo.

Karanga zile zilikuwa na kazi yake. Kijana wangu wa kwanza alikuwa ameingia sekondari, na karo ya muhula wa tatu ilikuwa itoke humo.

Mwishoni mwa Mei nilipewa likizo. Nilipofika nyumbani sikumkuta mama. Alikuwa amevuka kwenda Kenya kwenye msiba wa dada yake. Asubuhi ya pili nilikwenda shambani na mke wangu. Miche ilikuwa mifupi. Baadhi ya majani yalikuwa yamejikunja, yana rangi ya manjano yenye mabaka, na mche mzima umesongamana kama ngumi. Na juu ya miche ile, wakipanda na kushuka kwa misururu, nikawaona sisimizi weusi.

Askari mwenye haraka ya kupata mshitakiwa ni mtu wa hatari, nami siku ile nilikuwa na haraka. Ndani ya moyo wangu nilikuwa nimekwisha kumjua mkosaji mwingine, lakini huyo alikuwa na redio ya kaseti, wala sikutaka kumshitaki. Nilipanda baiskeli hadi Busia, nikanunua kwa mchuuzi wa njiani unga wa kuulia wadudu, uliofungwa katika kipande cha karatasi, hauna jina wala maelezo. Nikaunyunyiza kuzunguka shamba na katikati ya mistari. Uliobaki nikauzungushia shina la mwembe ulioko uani, kwa sababu chungu wa miti, wale wekundu tuwaitao maji moto, walikuwa wamemuuma binti yangu mdogo sikioni. Viota vyao vya majani nikavichoma kwa mwenge.

Kesho yake asubuhi kuku watatu walikuwa wamelala chini ya mwembe, miguu juu. Walikuwa wamedonoa chungu waliokufa. Hapo ndipo nilipomkumbuka binti yangu, ambaye hucheza chini ya mti huohuo na kuokota kila kinachoanguka, nikaanza kutetemeka. Tulichota udongo wa pale kwa jembe tukauzika mbali, na mtoto akafungiwa ndani siku nzima akilia. Akina mama mnaosoma ukurasa huu, nawasihi: dawa isiyo na jina isivuke kizingiti cha nyumba zenu, hata ikiletwa na mume mwenye cheo.

Mama alirudi siku ya nne. Aliwatazama kuku wachache waliobaki, akautazama mwembe ulioungua, wala hakusema neno. Jua lilipopungua makali aliniita kwa jina la babu yangu, jambo alilolifanya pale tu alipokuwa na kesi nami. Tukaenda shambani.

"Hawa uliowaua, walikuwa wakifanya nini hapa?" akaniuliza.

"Walikuwa wakila karanga, mama."

"Uliwaona wakitafuna?"

Sikuwa na jibu. Swali hilohilo nilikuwa nimewauliza mashahidi mara nyingi: uliona kwa macho yako, au ulidhani? Mama akainama, akakamata kikonyo cha mche, akakigeuza. Chini ya jani na kuzunguka kikonyo walikuwa wamebanana wadudu wadogo, weusi, wanaong'aa kama mbegu za mchicha. Hao walikuwa hai, wazima kabisa. Unga wangu uliwaua walinzi waliopita chini, nao wezi waliokaa juu haukuwagusa.

Wadudu wale mabwana shamba huwaita vidukari. Kidukari hutoboa mche kwa mdomo wake ulio kama sindano, akafyonza utomvu. Utomvu huo una sukari nyingi kuliko anavyohitaji, na chakula cha kujenga mwili ni kidogo. Basi hufyonza mno, na sukari ya ziada huitoa nyuma kama matone matamu. Matone hayo ndiyo posho ya chungu. Chungu humpapasa kidukari kwa vipapasio vyake, na kidukari humtolea tone, mithili ya ng'ombe anayekamuliwa. Kwa malipo hayo chungu humlinda dhidi ya maadui zake. Akija yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye chakula chake ni vidukari, chungu humvamia na kumfukuza. Kadhalika humfukuza nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya mwili wa kidukari. Na kama hiyo haitoshi, ndani ya kidukari mwenyewe wamo bakteria wanaomtengenezea virutubisho vile vinavyokosekana katika utomvu, nao hawawezi kuishi nje yake. Kila mmoja ana mpangaji wake na kila mpangaji hulipa kodi.

Lakini kilichokunja majani hakikuwa kufyonza peke yake. Ugonjwa ule wataalamu huuita rozeti. Uliandikwa kwa mara ya kwanza katika Tanganyika mwaka 1907, na hadi leo ni adui mkubwa wa karanga katika Afrika yetu. Baadaye bwana shamba mmoja aliyepata mafunzo Serere, katika nchi ya Teso, alinieleza jambo ambalo mimi kama polisi lilinifurahisha kwa namna mbaya. Rozeti hailetwi na kirusi kimoja. Ni genge la watatu. Mmoja peke yake hamdhuru mche kwa dalili yoyote inayoonekana, lakini ndiye anayewapatia wenzake joho la kusafiria ndani ya kidukari. Wa pili hutegemea joho hilo. Wa tatu ni mdogo kabisa, hawezi kuzaana bila wa pili, na ndiye hasa anayekunja majani. Ukimkamata yeyote kati yao na kumhoji peke yake, utamwachilia kwa kukosa ushahidi.

Ugonjwa huo hauendi na mbegu. Huletwa na kidukari mwenye mabawa atokaye kwingine. Naye huyo hupenda kutua penye mimea iliyoachana, udongo ukionekana katikati. Ndiyo maana wazee walisisitiza kupanda mapema na kupanda kwa kukaribiana, ili majani yafunike ardhi kabla wageni hawajawa wengi. Leo zipo mbegu zinazostahimili rozeti, zilizotoka Serere kwa jina la Serenut, lakini kupanda mapema hakujapitwa na wakati.

Mama hakujua habari za virusi. Alijua kalenda. Aliliachia jani lile akasema, "Karanga za Machi haziugui hivi." Hakuongeza neno, na redio hakuitaja. Laiti angeitaja.

Siwezi kuapa mahakamani kwamba unga wangu ndio ulioharibu mavuno. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia. Ninachoweza kuapa ni kwamba wale wekundu wenye madoa, niliokuwa nimewaona siku ya kwanza mmoja mmoja, sikuwaona tena, na vidukari walizidi hadi vikonyo vikawa vyeusi. Tulivuna magunia mawili pale tulipozoea kuvuna manane. Mama aliuza mtamba wake, aliyekuwa amemlea kwa miaka miwili, na kijana akarudi shule.

Hata hivyo, hasira ya mama haikuwa juu ya sisimizi wa karanga. Ilikuwa juu ya maji moto wa mwembe. "Wale wa shambani walikuwa na wezi," alisema. "Hawa wa uani walikukosea nini?"

Nikajibu kwamba walimuuma mtoto. Akasema kwamba hata mbwa wa nyumbani huuma.

Maji moto, msomaji, ni fundi. Hujenga nyumba yake kwa majani mabichi. Wafanyakazi hushikana viunoni wakawa mnyororo, wakalivuta jani hata likutane na jenzake. Kisha wengine huja wamebeba watoto wao mdomoni, na watoto hao hutoa nyuzi kama za hariri zinazoshona jani kwa jani. Mtoto ndiye sindano na uzi. Kundi moja laweza kuwa na viota vingi katika miti kadhaa, na malkia hukaa katika kimoja tu. Chungu hawa hawali embe. Huwinda kila mdudu anayetembea katika mti ule, na hata nzi atagaye mayai katika matunda huogopa kutua pale wanapozunguka. Mwembe wetu ulikuwa ukijulikana kwa embe zisizo na funza. Mwaka uliofuata moto wangu, nusu ya embe zilizoanguka zilikuwa na funza.

Wachina walilijua jambo hili zamani. Kitabu chao kimoja, kinachosemekana kuandikwa mwaka 304, kinaeleza jinsi viota vya chungu vilivyouzwa sokoni ili kutundikwa katika michungwa, na wakulima wao waliwawekea vijiti vya mianzi kama madaraja kutoka mti hadi mti. Karibu nasi zaidi, katika Unguja ya miaka ya 1950, mtaalamu wa wadudu Michael Way alichunguza sababu ya nazi changa kuanguka kabla ya wakati. Mkosaji alikuwa mdudu mfyonzaji, ambaye mwaka 1955 alipewa jina la kitaalamu linalomkumbuka mchunguzi huyo. Penye maji moto minazi ilisalimika. Pasipo maji moto, nazi zilianguka. Na sababu kubwa ya maji moto kukosekana ilikuwa chungu wengine, hasa wale wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa, waliowafukuza kutoka chini. Wakumbuke hao wa vichwa vikubwa. Tutakutana nao tena.

Yafaa niseme hapa kwamba mchwa si chungu, ingawa wengi huwachanganya. Mchwa ni jamaa ya mende. Kumbikumbi tunaowakaanga wakati wa mvua ni mchwa wenye mabawa, na uyoga mtamu unaochipuka juu ya vichuguu ni mazao ya shamba lao. Huulima chini ya ardhi, nao humeng'enya majani na miti kwa niaba yao. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Baada ya mwaka 1994 nilipelekwa kwa muda kufanya kazi mpakani Busia. Kila mtu wa umri wangu kule anakumbuka kahawa ya magendo ya miaka ya 1970, ilivyovushwa usiku kutoka Uganda kwenda Kenya. Lakini kahawa na mpaka huu vina kisa kingine kikongwe zaidi. Katika miaka ya 1920 mikahawa ya Kenya ilivamiwa na wadudu weupe, wenye unga mwilini kama waliovingirishwa katika pamba. Mabwana shamba huwaita vidung'ata. Nao hutoa matone matamu, na chungu wa jamii ya vichwa vikubwa waliwalinda kwa bidii. Wakulima walifunga mashina kwa utepe wenye grisi ya kunata ili chungu wasipande. Ilisaidia, ila ilikuwa kazi isiyokwisha, kwani tawi moja likigusa ardhi au mti mwingine, walinzi wamepata mlango wa nyuma.

Wataalamu walidhani mdudu huyo ni jamaa wa Asia, hivyo wakaenda kutafuta maadui zake huko mashariki ya mbali, wakarudi bila mafanikio. Mwaka 1935 mtaalamu Le Pelley alionyesha kwamba ni mdudu mwingine kabisa, wa Afrika hapahapa, ambaye hakuwa ameandikwa bado. Wakatazama basi upande wa pili wa ua. Uganda vidung'ata hao walikuwapo, lakini hawakuleta maafa, kwa kuwa walikuwapo pia nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani yao. Mwaka 1938 nyigu hao walichukuliwa kutoka Uganda wakaachiliwa Kenya, na katika miaka iliyofuata balaa likapungua hadi kiasi cha kuvumilika. Katika kazi yangu ya kupekua mizigo pale mpakani sikuwahi kuona bidhaa iliyovuka kwa faida kubwa kiasi hicho katika kifurushi kidogo vile. Jambo linaloniuma kidogo ni ile safari ndefu ya bure, kumtafuta mshitakiwa ng'ambo ya bahari ilhali faili lake liko kwa jirani.

Kisa kilichonifundisha zaidi nilikutana nacho uzeeni. Dada yangu aliolewa Funyula, ng'ambo ya Sio, na mwanawe ni dereva huko Nanyuki. Mwaka 2019, nikiwa nimekwisha kustaafu, mpwa wangu huyo alinialika nikaione nchi ya Laikipia. Ni tambarare ya udongo mweusi, na maili kwa maili imeota mgunga mfupi wa aina moja. Miiba yake ni mirefu, na chini ya baadhi ya miiba kuna vinundu vilivyo wazi ndani, ukubwa wa limau dogo, vyenye matundu. Upepo ukipita katika matundu hayo mti hupiga mluzi. Nilinyoosha mkono nigonge tawi, na kabla sijahesabu tatu mkono wote ulikuwa chungu watupu.

Mti ule, msomaji, umejenga kambi. Vinundu ni mabweni, na katika majani mna vijitundu vinavyotoa maji matamu, yaani posho. Kwa malipo hayo chungu huushambulia mdomo wa kila mnyama anayekuja kula, awe twiga au mbuzi. Hata tembo, ambaye ngozi yake haiogopi mwiba, huepuka mti huo, kwani chungu wakimwingia mkongani hana mkono wa kuwatoa.

Si kila chungu akaaye pale ni askari mwema. Wanasayansi waliofanya kazi Laikipia wamehesabu aina nne zinazogombea miti hiyo, na mti mmoja kwa kawaida hushikwa na aina moja tu. Mmoja huilinda kwa ukali. Mwingine hukata machipukizi na maua ili matawi yasifikie mti wa adui zake, hivyo mti hulindwa lakini hauzai. Wa tatu huviharibu vile vijitundu vya maji matamu, ili wapinzani wasivutiwe. Wa nne ni mlinzi mvivu, asiyehitaji vinundu kabisa. Hulala katika mashimo yanayochimbwa na viwavi wa mbawakawa ndani ya shina, na hao wachimbaji wanaoila nyumba yake huwakaribisha.

Sasa tazama lililotokea. Mwaka 1995 watafiti walizungushia ua sehemu kadhaa, ili tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiingie. Mtu yeyote angetazamia kwamba miti isiyoliwa ingestawi. Baada ya miaka kumi ikaonekana kinyume, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Mti uliokaa bila kuumwa na mnyama ulipunguza maji matamu na vinundu, kama tajiri aonaye wezi wamekwisha akapunguza posho ya walinzi. Walinzi wakali wakapungua na kudhoofika. Yule mvivu akachukua nafasi, mbawakawa wakatoboa mashina, na miti ikakua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile iliyokuwa ikiliwa kila siku na tembo. Mpwa wangu aliniambia hayo tukiwa tumekaa ndani ya gari, nami nikanyamaza kwa muda. Nilikuwa nimewaona watu wa aina hiyo, na nyumba za aina hiyo.

Na wale wa vichwa vikubwa? Wamefika Laikipia pia. Ni wageni katika nyika hiyo; huingia kwa maelfu, huwaua chungu wenyeji pamoja na mayai yao, wala wao wenyewe hawaulindi mti. Tembo huvunja migunga iliyoachwa bila mlinzi mara tano hadi saba zaidi kuliko ile yenye chungu wake. Nyika ikibaki wazi, simba hukosa pa kujificha, na punda milia humwona akiwa mbali. Mwanasayansi Mkenya Douglas Kamaru na wenzake, waliochunguza hayo katika hifadhi ya Ol Pejeta, walichapisha mwaka 2024 kwamba kati ya mwaka 2003 na 2020 sehemu ya punda milia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo, wakafika asilimia 42. Simba hawakupungua, ila wamelazimika kupigana na mnyama mwenye pembe. Yote hayo ameyasababisha mdudu asiyefikia punje ya mchele.

Nilipotoka Nanyuki nilitamani kumsimulia mama, lakini alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Naamini asingeshangaa. Angeuliza tu ni nani aliyekuwa akiwalisha.

Nirudi mwaka 1995. Mwezi Januari niliiuza ile redio. Fedha za ng'ombe nikazileta mwenyewe, mkononi, Februari ikiwa na siku kumi. Mama alizihesabu mara mbili, akazifunga katika pindo la nguo yake, akasema, "Haya, tutapanda." Kisha akaniambia kuna kazi nyingine. Kwa jirani ulikuwapo mwembe mkubwa wenye maji moto, na jirani alikuwa amekubali kutugawia.

Tulikwenda jua likizama, kwa kuwa wakati huo wengi wao huwa wamerudi viotani. Nilivaa koti la mvua la kazini, nikajifunga gunia kichwani, nikapanda na panga. Kwa kuwa sikuweza kujua malkia yumo katika kiota kipi, mama aliamuru nikate vyote vilivyokuwa katika matawi ya upande mmoja. Nikavikata vitano, nikavitia katika gunia, na kabla sijashuka walikuwa wamepata njia kupitia ukosi. Nikateremka nikiruka-ruka mbele ya watoto wote wa kijiji, nikavua koti, nikavua shati. Mama alisimama ameshika taa ya chemni, akicheka hadi machozi, kwa mara ya kwanza tangu mtamba wake auzwe.

"Simama wima, koplo," akasema. "Unakaguliwa."

Tulivifunga viota katika mwembe wetu, na kutoka mwembe hadi mchungwa ulioko jikoni mama akavuta kamba ya katani, ili wapite. Kwa majuma mawili hatukujua kama malkia alikuwamo. Juma la tatu binti yangu akaja mbio akilia, ameumwa sikio lilelile.

Redio aliinunua huyohuyo jirani. Kila jioni aliifungulia kwa sauti kubwa, nasi tukisikiliza taarifa ya habari kutoka kwetu bila kununua betri.